Kuimarisha Udongo wa Mfinyanzi kwa Chokaa

Udongo wa mfinyanzi huvimba unapolowa na hupasuka unapokauka, na chochote kilichojengwa juu yake huyumba nao. Chokaa huibadilisha tabia hiyo kwa hatua mbili: ndani ya saa chache kalsiamu huzikusanya chembe laini kuwa punje kubwa zaidi zisizonata, kisha kwa wiki na miezi chokaa huungana na silika na alumina zilizomo udongoni na kuunda gundi inayofanana na ya saruji. Mchanga mtupu hauna mfinyanzi wa kuungana na chokaa. Huo tumia saruji.

Kabla ya kununua hata mfuko mmoja, peleka sampuli za udongo maabara zikapimwe salfeti (aina ya chumvi), kwa kuwa salfeti ikiwa nyingi huungana na chokaa na kuota fuwele zinazoinua tabaka lote wakati kazi imekwisha kukabidhiwa. Kiwango cha chokaa nacho hupimwa, hakikisiwi: asilimia ndogo kabisa inayofikisha mchanganyiko wa udongo na chokaa kwenye pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 12.4 ndiyo ya kuanzia majaribio ya nguvu, na mara nyingi huwa kati ya 3 na 6 ya uzito wa udongo mkavu.

Tuseme tabaka lina unene wa sentimita 15 na udongo mkavu ulioshindiliwa una kilo 1,600 kwa mita ya ujazo. Kila mita ya mraba ina kilo 240 za udongo, hivyo asilimia 4 ni kilo 9.6, na mfuko wa kilo 25 unatosha mraba wenye upande wa mita 1.6. Gawa eneo kwa kamba katika miraba hiyo na umwage mfuko mmoja katika kila mraba. Anayekadiria kwa macho huacha mahali laini pasipoonekana hadi mvua inyeshe.

Tumia chokaa iliyozimwa, yaani iliyokwisha kutiwa maji kiwandani ikawa unga, kwa sababu chokaa hai, ambayo bado haijazimwa, huchemka ikikutana na maji. Hata hivyo, miwani ya kukinga macho na glavu ni lazima.

Lima, changanya, nyunyizia maji, kisha liache tabaka kwa siku 1 hadi 3. Wengi hukosea hapa kwa haraka. Changanya tena hadi mabonge yote yapite kwenye chekeche ya milimita 25, shindilia, na udumishe unyevu kwa siku 7 bila kupitisha magari mazito.