Kuiona seli ikifanya kazi: silia za tamvua la chaza, hatua kwa hatua

Wanafunzi wengi hukutana na seli mara ya kwanza kwenye ngozi ya kitunguu: vyumba vimepangana, kiini kiko pembeni, kila kitu kimetulia. Wanachora, wanaandika majina, na wanabaki wakidhani seli ni kitu cha kuchorwa tu. Mimi hufundisha bayolojia Lamu, na hupenda kuanza na chaza wa mikoko, kwa sababu kipande cha tamvua lake, kiungo cha kupumulia na kunasa chakula chenye silia (vinyweleo vya seli), huendelea kufanya kazi kwa saa kadhaa baada ya kukatwa. Ukielewa jinsi mnyama huyu asiye na kichwa wala meno anavyokula, umeshaelewa mengi kuhusu seli.

Andaa hadubini ya shule yenye lenzi za 4, 10 na 40, slaidi na vioo vyembamba vya kufunikia, sindano mbili za kushonea, wembe, kitoneshi, hamira kidogo na rangi ya methilini bluu.

Hatua ya 1: Mpate chaza na maji yake

Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na chaza huyu, Saccostrea cucullata, hujiganda kwenye mizizi yake na kwenye mawe ya pwani. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa sana asubuhi na chaza hubaki wazi. Usikate mzizi ili kumpata, na ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga usichukue chochote bila ruhusa. Nunua wawili au watatu kwa mvuvi; mmoja hutosha darasa zima. Aliye hai hufumba gamba ukimgonga. Anayebaki ameachama hafai.

Chota pia chupa ya maji ya bahari wakati maji yamejaa, mbali na mitaro ya mji, uyachuje kwa kitambaa cha pamba. Hadi Hatua ya 6, kila tone litakalogusa tamvua litoke kwenye chupa hii. Zoezi hili huharibiwa na maji ya bomba kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 2: Mfungue

Vaa glavu nene au mshike kwa kitambaa kizito. Gamba la chaza hukata vibaya, na kidonda chake huingia bakteria upesi. Penyeza kisu kifupi kwenye bawaba, kizungushe, kisha ukate msuli mmoja mkubwa unaoshikilia magamba mawili. Chini ya ngozi laini inayotanda ndani ya gamba utaona karatasi nne nyembamba zenye mistari: hayo ndiyo matamvua. Kabla hujakata, tazama kando ya ule msuli. Mara nyingine moyo bado unapiga, na inafaa kila mwanafunzi auone.

Chaza huyu asiliwe.

Hatua ya 3: Tengeneza slaidi

Kata kipande cha milimita 2, si zaidi. Kiweke kwenye tone la maji ya bahari, ukichambue kwa sindano mbili hadi nyuzi zake ziachane. Hapa wengi hufanya haraka, na kipande kinene hakionyeshi chochote ila weusi. Laza kioo cha kufunikia kwa kukiinamisha kutoka upande mmoja ili hewa itoke.

Hatua ya 4: Tazama

Anza na lenzi ya 4 utafute ukingo wa nyuzi, panda hadi 10, kisha 40. Silia hazina rangi, kwa hiyo punguza mwanga: funga kidogo kitundu kilicho chini ya meza ya hadubini. Kama hadubini yako hutumia kioo, kielekeze kwenye anga ya dirishani, kamwe si kwenye jua lenyewe; litaumiza jicho.

Utaona ukingo unametameta. Huo ndio mwendo wa silia, vinyweleo vinavyoota juu ya seli za tamvua. Hazipigi pamoja kama makasia ya mashua. Kila moja huchelewa kidogo nyuma ya jirani yake, ndiyo maana unaona mawimbi yakikimbia juu ya uzi. Hupiga mara nyingi kwa sekunde. Weka kamera ya simu kwenye lenzi ya jicho, rekodi kwa mwendo wa polepole, ndipo utatofautisha pigo la kwenda na la kurudi.

Hatua ya 5: Mlishe

Koroga hamira kidogo sana kwenye maji ya bahari, utie tone ukingoni mwa kioo. Chembe za hamira, ambazo nazo ni seli zenye upana wa takriban mikromita 5, zitavutwa na kusafirishwa juu ya nyuzi. Silia za ubavuni husukuma maji, zilizo kati ya ubavu na mbele hunasa chembe, za mbele huzipeleka upande wa mdomo. Kula na kupumua kwa mnyama mzima kunategemea kazi ya seli hizi ndogo.

Hamira itakusaidia pia kukadiria vipimo, ukiilinganisha na upana wa duara unaloliona kwenye hadubini. Weka rula angavu chini ya lenzi ya 4. Ukiona duara lina upana wa milimita 4.5, basi kwa lenzi ya 40, inayokuza mara kumi zaidi, ni mikromita 450.

Unene wa silia moja ni kama robo ya mikromita, kwa hiyo umbo lake la ndani hutaliona kwa hadubini hii. Mwaka 1954 wanasayansi Don Fawcett na Keith Porter walilieleza kwa hadubini ya elektroni: jozi tisa za mirija kuzunguka mirija miwili ya katikati. Protini iitwayo daineni huisukuma mirija hiyo kwa nishati ya ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inayotengenezwa kwenye sehemu za seli ziitwazo mitokondria. Silia zinazosukuma makohozi kwenye koo lako la hewa zimejengwa vivyo hivyo.

Hatua ya 6: Maji baridi (yasiyo ya chumvi), kisha rangi

Sasa tia tone la maji ya bomba upande mmoja, ulivute kwa karatasi ya shashi upande wa pili. Seli zitavimba na silia zitalegea hadi zisimame. Ndani ya seli mna chumvi nyingi kuliko nje, utando unaoizunguka seli hupitisha maji kwa urahisi kuliko chumvi, basi maji huingia. Kitunguu hakipasuki kwa sababu kina ukuta wa seli, chaza hana.

Kwenye slaidi mpya tia methilini bluu hafifu, usubiri dakika chache. Viini vitaonekana kama madoa ya buluu. Chora sasa, ukiwa umeshaona kila sehemu inafanya nini.

Ukikwama

Silia zikisimama zenyewe, mara nyingi joto la taa limekausha maji na chumvi imezidi. Ongeza tone la maji ya bahari ukingoni. Ukimaliza, futa meza ya hadubini kwa kitambaa chenye maji baridi, kisha kikavu, na lenzi kwa karatasi yake maalumu. Chumvi ikilala usiku mmoja kwenye chuma, kutu huanza.