Kusoma komiki za mashujaa bila kupotea: anza na mwandishi, shika daftari

Msomaji mgeni wa komiki za Marvel na DC, wachapishaji wakubwa wawili wa Marekani, hutafuta namba 1, na hapo hapo anapotea. The Amazing Spider-Man imeanza na namba 1 mwaka 1963, 1999, 2014, 2015, 2018 na tena 2022, na jina ni lile lile. Kwa hiyo toleo litambue kwa vitu vitatu: jina la mfululizo, mwaka mfululizo huo ulipoanza, na namba. "Spider-Man namba 5" haimwelekezi mtu popote. "Amazing Spider-Man (2018) namba 5" inampeleka moja kwa moja.

Hatua ya 1: Chagua mwandishi. Shujaa hupita mikononi mwa waandishi wengi, na kila mmoja anafunga mafundo yake. Aliyekaa muda mrefu angalau huyafungua mengi mwenyewe. Kwa X-Men, kundi la mashujaa wa Marvel, huyo ni Chris Claremont, aliyeandika kuanzia namba 94 ya mwaka 1975 hadi 1991. Soma kwanza Giant-Size X-Men namba 1 (1975) ya Len Wein na Dave Cockrum, kwa sababu ndimo Storm, Nightcrawler na Colossus wanamoingia kwa mara ya kwanza, kisha ushike namba 94. Namba 67 hadi 93 usihangaike nazo: ni hadithi za nyuma zilizochapishwa upya.

Hatua ya 2: Fungua daftari. Mstari mmoja au miwili kwa toleo unatosha: toleo, tarehe ya jalada, nani kaingia, nani katoka, nani kafa. Mfano, wa Jean Grey, mmoja wa X-Men:

X-Men (1963) 137, Septemba 1980. Jean Grey afa mwezini.
Fantastic Four (1961) 286, Januari 1986. Jean apatikana hai. Aliyekufa ni Phoenix, kiumbe wa nguvu za angani aliyechukua umbo lake. Jean mwenyewe alikuwa ndani ya kifukofuko chini ya maji ya Jamaica Bay, New York.

Mstari wa kwanza usiufute. Ukifika namba 138, siku ya maziko, Cyclops, mpenzi wa Jean, anaomboleza kweli, na aliyeandika kurasa zile alijua Jean amekufa. Ukizisoma huku kichwani una habari ya 1986, msiba wote unakuwa mchezo wa kuigiza. Kila jambo lisome kwa ukweli wa mwaka lilipotoka, marekebisho yaandike chini yake pamoja na toleo lililoyaleta.

Hatua ya 3: Mambo yakigongana, jiulize ni mgongano wa aina gani. Huenda ni marekebisho ya nyuma, kama hayo ya Jean. Huenda ulimwengu mzima umeanzishwa upya: DC walifanya hivyo katika Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 ya 1985 hadi 1986, wakafanya tena 2011 baada ya Flashpoint, mifululizo 52 ikaanza na namba 1 kwa mwezi mmoja. Hapo piga mstari mnene daftarini na ufungue ukurasa mpya. Au ni muda tu umesogezwa: Tony Stark (Iron Man) alitekwa Vietnam mwaka 1963, lakini hadithi za miaka ya 2000 zinataja Afghanistan, maana hazeeki kwa kasi yetu. Aina hii haihitaji mstari wowote. Tukio ni lile lile, vita ndivyo vimebadilishwa.

Namba zikiruka, piga hesabu kabla ya kudhani umekosa kitu. Action Comics ilifika 904 mwaka 2011, ikarudi 1 hadi 52, halafu mwaka 2016 ikatokea 957. Jumlisha 904 na 52, unapata 956. Hakuna kilichopotea.

Hatua ya 4: Hadithi zinazopita mifululizo miwili zisome kwa mpangilio wa kutoka. House of X na Powers of X (2019), matoleo sita kila moja, ni hadithi moja. Tuziite H na P: H1, P1, H2, P2, P3, H3, H4, P4, H5, P5, H6, P6. Angalia katikati: hazipokezani moja kwa moja. Programu za kusomea hupanga kwa jina la mfululizo, kwa hiyo ukifuata orodha yake utamaliza H zote na siri za P zitakuwa zimeharibika. Fuata siku toleo lilipouzwa. Tarehe ya jalada kwa desturi huwa mbele kwa takriban miezi miwili.

Utakutana pia na nyota ndogo kwenye maneno na kisanduku cha mhariri kikikutuma kwenye toleo jingine. Usilikimbilie. Andika namba yake pembeni, maliza unachosoma. Likitajwa mara ya pili, ndipo ulitafute. Claremont hurudia mwenyewe yale ya lazima ndani ya hadithi.

Kipindi hicho cha Claremont kinaishia X-Men (1991) namba 3. Huo ni mfululizo mwingine: ule wa 1963 ulikuwa tayari unaitwa Uncanny X-Men na uliendelea sambamba. Mpe kila mmoja ukurasa wake daftarini.