Vitz chongo: nilivyojifunza kuhudumia taa za mbele

Vitz yangu ni ya mwaka 2001. Kwa miezi kadhaa nilidhani macho yangu ndiyo yanazeeka, maana nikitoka Dodoma jioni, kufika Gairo naiona barabara kama naichungulia kupitia glasi ya chai ya rangi. Trafiki mmoja ndiye aliyenizindua: "Mama, gari lako chongo." Dimu ya kushoto, yaani ule mwanga wa chini, ilikuwa imekufa, na vioo vyote viwili vimegeuka manjano.

Fundi wa kwanza akanishauri ninunue taa mbili nzima. Usikimbilie huko, anza na balbu. Vitz hizi za mwanzo zinatumia H4 ya miguu mitatu, volti 12, wati 60/55. Ndani mna nyuzi mbili, ya fulu (mwanga wa mbali) na ya dimu, ndiyo maana moja huungua nyingine ikaendelea kuwaka. Ila zikizima dimu za pande zote mbili kwa mpigo, tazama kwanza fyuzi na rilei, yaani swichi ya umeme inayowasha taa.

Zima gari, acha taa ipoe. Fungua boneti, chomoa soketi nyuma ya taa kwa kuvuta soketi yenyewe, si waya. Vua kifuniko cha mpira, bonyeza kibanio cha waya kiachie, balbu itatoka. Mpya ishike kwenye chuma tu. Mafuta ya vidole yakibaki kwenye kioo chake, pale huchemka kuliko kwingine na balbu haidumu. Ukiigusa, ifute kwa spiriti. Miguu mitatu inaingia kwa mkao mmoja, ikigoma, usilazimishe. Halafu rudisha ule mpira ukae sawasawa pande zote. Mimi niliuacha umepinda, mvua ya kwanza tu taa ikatoka jasho ndani.

Usidanganywe na balbu za wati 100. Nilizifunga, baada ya muda nikasikia harufu ya plastiki, kumbe soketi inayeyuka. Na zile za LED ndani ya taa iliyotengenezewa H4 hutawanya mwanga ovyo. Wewe unafurahi, dereva wa lori anayekuja mbele haoni kitu.

Balbu ni mpya na bado upande mmoja umefifia? Tafuta waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi. Fungua skrubu, kwangua kutu kwa msasa, kaza tena. Hapo ndipo ugonjwa wangu wa pili ulipopona, bila shilingi.

Manjano ya kioo husababishwa na jua kula ile rangi ya kinga iliyopakwa kiwandani. Dawa ya meno hung'arisha kwa siku chache tu. Zungushia bodi utepe wa karatasi wenye gundi isichubuke, kisha sugua kioo kwa msasa wa maji namba 800, halafu 1500, mwisho 2000, ukimwagia maji muda wote. Kitakuwa cheupe kama kimepakwa unga. Usiogope, polishi inakirudisha. Lakini malizia kwa vanishi angavu inayozuia jua, kwa sababu msasa umeondoa kinga iliyobaki. Mara ya kwanza niliiruka hatua hiyo, na manjano yakarudi mapema.

Kama taa imepasuka na huna budi kununua nyingine, uliza imetoka gari la usukani upande gani. Ya usukani wa kushoto huinua mwanga upande wa kulia, yaani machoni pa wanaokuja mbele yetu. Mimi sasa hupeleka taa ya zamani dukani nikazilinganisha.

Mwisho, pima. Egesha penye usawa, mita 5 kutoka ukutani, tairi zina upepo wa kawaida, washa dimu. Ukingo wa juu wa mwanga uwe sentimita 5 hivi chini ya kimo cha balbu. Ukingo huo ukiwa juu au chini ya hapo, zungusha skrubu ya kurekebishia nyuma ya taa, kidogo kidogo, huku mtu akikusimamia ukutani. Mimi wangu ni mwanangu wa darasa la sita, anayepiga kelele "chini, mama, chini!" mpaka majirani wanatoka.