Jinsi ya kuomba nafasi ya kujitolea wodi ya wazazi Tanzania, kwa mwanafunzi wa ukunga kutoka nje

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa ukunga anayesoma nje ya Tanzania, iwe Nairobi, Kampala, Oslo au Birmingham, anayetaka kuja kujitolea kwa wiki kadhaa katika hospitali ya vijijini. Wengi wenu mnaongea Kiswahili, wengine wazazi wenu walizaliwa huku huku, na hiyo ni faida kubwa kuliko mnavyodhani. Hata hivyo, faili lako likifika mezani kwa muuguzi mfawidhi, hatafuti moyo wa kujitolea. Anatafuta mambo mawili: mikono yako imeruhusiwa kufanya nini, na nani anabeba dhamana yako. Faili linalojibu hayo mapema hushughulikiwa. Linalosimulia ndoto zako tangu utotoni kwa kurasa tatu hukaa chini ya mengine.

Anza angalau miezi sita kabla ya safari. Urasimu una sehemu yake, lakini kalenda yenyewe inapangwa na chanjo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa kawaida ni dozi tatu: ya pili mwezi mmoja baada ya ile ya kwanza, na ya tatu ukitimia mwezi wa sita. Leba ni mahali pa damu na maji ya uzazi, na hospitali nyingi zitaomba kuona kadi yako kabla hazijakupangia zamu.

Chuo kwanza, hospitali baadaye

Hospitali haipokei mwanafunzi asiye na mwenyewe. Kabla hujaandika popote, pata barua ya utambulisho kutoka chuoni, yenye nembo, sahihi na muhuri. Barua iseme uko mwaka wa ngapi, stadi zipi umepimwa ukafaulu, zipi bado, bima ya dhamana ya kitaaluma inakuhusu ukiwa nje ya nchi au la, na ni mwalimu gani apigiwe simu likitokea jambo. Barua inayosema tu kwamba “ni mwanafunzi wetu mwenye bidii” haimsaidii mtu.

Ukiwa unasoma Ulaya, uliza swali moja mapema sana: je, akina mama nitakaowazalisha huko watahesabiwa? Sheria ya Umoja wa Ulaya, na kanuni za Uingereza vilevile, zinataka mwanafunzi wa ukunga awe amezalisha akina mama wasiopungua 40 kabla ya kuhitimu. Akikosa nafasi za kutosha idadi inaweza kushuka hadi 30, mradi awe amesaidia uzazi mwingine 20. Baadhi ya vyuo havihesabu uzazi wa nje ya vituo vyao. Ninakuambia uulize mapema kwa sababu wapo wanaokuja vijijini kusaka hesabu, na wakunga wa zamu humjua mtu wa namna hiyo siku ya kwanza tu: anasimama karibu na kichwa cha mtoto kinapotoka, lakini haonekani wakati wa kufuta sakafu wala wa kupima joto la mama aliyejifungua jana.

Kuchagua hospitali

Ngazi za huduma Tanzania huanzia zahanati, kikafuata kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya, ya rufaa ya mkoa, na kuendelea juu. Usiombe zahanati. Huko mkunga anaweza kuwa mmoja zamu nzima, na hana wa kumwachia mama ili akusimamie wewe. Omba hospitali yenye chumba cha upasuaji, benki ya damu na wanafunzi wake yenyewe, kwani palipo na wanafunzi pana walimu.

Hospitali nyingi za vijijini zilizozoea wageni ni za makanisa: Haydom wilayani Mbulu, Ndanda mkoani Mtwara, Peramiho karibu na Songea, Nkinga mkoani Tabora. Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway mwaka 1955, inamfaa hasa mtu anayependa ufundi wa kumhudumia mtoto asiyelia anapozaliwa. Ndiyo iliyoratibu mpango wa Safer Births katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ambamo wahudumu hufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa mwanasesere papo hapo wodini, badala ya kungoja semina ya mwaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya akina mama vikipungua kwa takriban asilimia 75. Mwanafunzi mgeni akiomba kwa adabu kujiunga na mazoezi hayo, amepata shule ambayo vyuo vingi vya Ulaya havina.

Hospitali ya kanisa huandikiwa moja kwa moja. Ya serikali ina ngazi: kama ni ya wilaya, barua huenda kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo ishuke kwa Mganga Mkuu na Mganga Mfawidhi. Ukiruka ngazi, barua yako hairudishwi kwa hasira. Inakaa tu.

Barua yenyewe

Iandike kwa Kiswahili rasmi, ukurasa mmoja. Hata kama Kiswahili chako ni cha nyumbani, mpe mtu akusahihishie. Kichwa chake kiwe hivi:

*YAH: OMBI LA NAFASI YA MAFUNZO KWA VITENDO, WODI YA WAZAZI, KUANZIA TAREHE 3 AGOSTI HADI 11 SEPTEMBA*

Na aya ya pili, ambayo ndiyo kiini cha ombi lako lote, isomeke karibu na hivi:

*“Chini ya usimamizi wa karibu nimepimwa na kuruhusiwa na chuo kumpima mjamzito, kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto, kujaza patografu (chati ya kufuatilia uchungu), na kuzalisha uzazi wa kawaida. Sijaruhusiwa kushona msamba, kutoa kondo la nyuma kwa mkono, wala kuzalisha mtoto aliyetanguliza matako. Mambo hayo naomba kuyaangalia tu.”*

Wanafunzi wengi huogopa kuandika wasichoruhusiwa, wakidhani wataonekana hawajui kitu. Kwa anayesoma ni kinyume: aliyeandika “sijaruhusiwa” ndiye anayeaminika kuachwa karibu na mama. Usiku wa manane, wamama watatu wakiwa kwenye uchungu na mkunga mmoja amekimbilia chumba cha upasuaji, kuna mtu atakuambia “sista, endelea tu.” Barua yako ndiyo itakayokuwezesha kujibu kwa heshima kwamba hapo hapana, ngoja nimwite mwenzako.

Ambatanisha barua ya chuo, wasifu mfupi, nakala ya pasipoti, kadi ya chanjo na cheti cha tabia njema kutoka polisi wa nchi unakoishi. Tuma yote katika faili moja la PDF. Picha kumi na mbili za WhatsApp zilizopigwa juu ya kitanda si maombi.

Baraza na Uhamiaji

Aliyekwisha kuhitimu anahitaji usajili wa muda kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kabla ya kumgusa mgonjwa. Wewe mwanafunzi unafanya kazi chini ya leseni ya mkunga anayekusimamia, kwa hiyo omba jina la msimamizi huyo liandikwe kwenye barua ya kukubaliwa. Iulize hospitali pia kama inataka barua yoyote ya Baraza kwa ajili yako. Anayeuliza mapema haulizwi akiwa getini.

Sasa kibali. Visa ya utalii haikuruhusu kujitolea, hata kama hulipwi senti. Mtu anaweza kukuambia “ingia tu kama mtalii, wote wanafanya hivyo.” Maafisa wa Uhamiaji hupita hospitalini, na anayeaibika ni mwenyeji wako pamoja nawe. Kundi la vibali linalowahusu wanafunzi, watafiti na watu wa kujitolea ni kibali cha ukaazi daraja C, na maombi hufanywa kwenye mfumo wa mtandao wa Idara ya Uhamiaji. Kwa muda mfupi upo utaratibu mwingine wa ruhusa, na ofisi ya hospitali iliyozoea wageni inaujua. Waachie wao waanzishe maombi, kwa kuwa ndio wenyeji wako kisheria. Raia wa nchi nyingi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huingia bila visa na kupewa hadi miezi sita kama mgeni, lakini pasi hiyo ni ya kutembelea. Ukitaka kuvaa sare na kuingia leba, fuata utaratibu uleule.

Malipo yote ya serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Anayekutumia namba yake ya simu akisema ni “ada ya haraka”, achana naye. Hospitali nazo hutoza wanafunzi wa kigeni ada ya mafunzo, na ni haki yao, dai risiti. Mawakala wa Ulaya wanaouza safari za “kujitolea” kwa maelfu ya pauni siwapendi. Uliza kiasi gani kati ya hizo kinaifikia wodi, kisha sikiliza jibu.

Kabla ya kupanda ndege

Cheti cha homa ya manjano huulizwa kwa anayetoka nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, zikiwamo Kenya, Uganda na Kongo. Anayetoka London naye anaweza kuulizwa akiwa amekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa ndege wa nchi hizo. Chanjo huanza kutambulika siku kumi baada ya kuchomwa, hivyo usiiache ya mwisho.

Uliza pia, kwa maandishi, utaratibu wao mtu akijichoma sindano. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, zisizidi saa 72, na humezwa kwa siku 28. Jua ziko kabati gani na nani ana ufunguo wikiendi.

Mkobani weka viatu vya kufunika vidole vinavyooshwa kwa maji, saa yenye mshale wa sekunde, na glovu zako za kutosha.

Ukifika

Ripoti kwa muuguzi mfawidhi siku ya kwanza, na nakala zako mkononi. Wakubwa waamkie shikamoo, hata wewe uliyekulia Ulaya. Mkunga wa zamu anaitwa sista, mgonjwa anaitwa mama, hata akiwa na miaka kumi na saba. Ukiwa Haydom utakuta kina mama Wairaqw na Wadatoga ambao Kiswahili chao ni kidogo, kwa hiyo kabla ya kumpima mama yeyote, hakikisha kuna mtu wa kumtafsiria na kumwombea ridhaa yake. Simu ibaki kwenye kabati. Picha ya mtoto wa mwenzio haiendi mtandaoni, hata mama akicheka na kukubali.

Angalia pia wanatumia chati gani. Patografu ya zamani huanza kujazwa mlango wa kizazi ukiwa umefunguka sentimita 4. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unaanzia 5. Usibishane nao, jaza ya kwao.

Kitabu chako cha stadi kisainiwe mwisho wa kila zamu, na mkunga aliyekuona ukifanya. Ukisubiri wiki ya mwisho, wa zamu ya usiku atakuwa likizo kwao Singida, na metroni hawezi kusaini asichokiona.