Kumlinganisha kurumbiza na kima kwa masikio, msitu wa Kakamega

Wageni ninaowatembeza msituni Kakamega hupenda kuanza na manyoya na mkia. Mimi huwaanzisha na sauti, maana hapo ndipo kurumbiza, ndege mwimbaji, na kima, aina ya tumbili, wanapotofautiana kweli.

Hatua ya 1. Fika Isecheno, kituo cha msitu huu, saa 12 asubuhi, na daftari, darubini na simu ya kurekodi. Vaa buti, kuna siafu.

Hatua ya 2. Mtafute kurumbiza mwenye utosi mweupe, uso mweusi na tumbo la rangi ya chungwa. Hupenda vichaka vya chini vyenye kiza. Ni mwigaji hodari: hupiga mluzi wake, kisha huchomeka nyimbo za ndege wengine. Ukisikia ndege watatu wakipokezana ndani ya kichaka kimoja, mshuku yeye. Andika kila kipande na ndege halisi anayeigwa.

Hatua ya 3. Sasa tazama juu. Kundi la kima kwa kawaida huwa na dume mmoja mzima, majike na watoto. Msikilize dume. Miito yake mikubwa ni michache: “pyao” nzito inayofika mbali, na “ka” kali ya kukatika. “Ka” mara nyingi humaanisha tai mkubwa mwenye kishungi, mwindaji wa kima. Usihangaike kumtafuta tai; watazame majike. Huporomoka hadi kwenye majani mazito na kukodolea macho angani. “Pyao” ina matumizi mengi zaidi, kwa hiyo andika kilichotokea kabla na baada yake.

Mtafiti Marina Cords alianza kuwachunguza kima wa hapa mwaka 1979, na makundi kadhaa yamezoea watu. Ndiyo sababu unaweza kusimama chini yao nao waendelee kula.

Hatua ya 4. Gawa ukurasa mara mbili, uulize: sauti hii imetoka wapi? Kinda wa ndege mwimbaji hujifunza wimbo kwa kuwasikiliza wakubwa. Kima huzaliwa na miito yake; anachojifunza zaidi ni wakati wa kuitumia na namna ya kuitikia. Kiungo nacho ni tofauti. Kima hutumia koo, kama sisi. Ndege hutolea sauti chini kabisa, pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafu.

Hatua ya 5. Rekodi, lakini usimchezee ndege rekodi ya wimbo wake. Ataacha kula aje kupigana na mpinzani asiyekuwepo.