Kabla ya penseli, mpe mtoto maharage achambue

Kila Januari nasikia swali lile lile getini: "Mwalimu, mbona wa kwangu hajui kuandika?" Ukiuliza umri, miaka 4. Nafundisha chekechea hapa Morogoro, na jibu langu halibadiliki: penseli isubiri, vidole vipewe kazi.

Kifundo cha mkono kina mifupa midogo 8. Mtoto huzaliwa nayo ikiwa gegedu tupu, yaani laini kama ncha ya pua, na akifika chekechea mingine bado haijawa mfupa kamili. Mkono kama huo ukiubana kwenye mistari ya daftari, penseli itashikwa kwa ngumi na karatasi itatoboka.

Anzia jikoni. Siku ya chapati, mkatie donge la ukubwa wa limau. Alifinyange, aliviringishe liwe nyoka, kisha amnyofoe nyoka vipande vipande kwa gumba, kidole cha shahada na cha kati. Hivyo vitatu ndivyo vitakavyoshika penseli. Unga ukimnata, mnyunyizie mkavu kidogo, usimnyang'anye. Maharage nayo achambue: mawe huku, yaliyooza kule. Kupukuchua mahindi makavu ni kazi ngumu zaidi, gumba huuma kweli. Mtolee wewe mistari miwili ya mwanzo. Punje zikishapata nafasi ya kuangukia, atazisukuma mwenyewe. Na siku ya kufua, teremsha kamba usawa wa kifua chake, abane soksi kwa vibanio.

Kuanzia miaka 5, mfundishe mdako. Chimbeni kishimo, tieni kokoto kumi. Unarusha limau juu, unakokoa kokoto, unadaka limau, halafu unarusha tena na kuzirudisha zote shimoni, moja ibaki nje. Mwanzoni asirushe kitu, akokoe na kurudisha tu, kwa mkono mmoja. Wavulana nao wacheze. Hayo ya kwamba mdako ni wa wasichana sijui yametoka wapi.

Chaki ivunje ibaki nusu ya kidole. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kwa hiyo atatumia ncha za vidole bila kuambiwa. Achore mlangoni akiwa amesimama, mkono juu, bega nalo lipate nguvu. Wengi huweza duara wakiwa na miaka 3, msalaba 4, pembetatu karibu na 5. Herufi A ina mistari ya mshazari, ndiyo maana inawatoa jasho. Anza na L na T.

Wa chini ya miaka 3 asiachiwe maharage, kokoto wala shanga. Zitaishia kooni au puani.

Akipenda mkono wa kushoto, mwache nao, na bibi naye aambiwe. Ila akifika miaka 5 hawezi kufunga hata kifungo kikubwa, au kuna mkono mmoja hautumii kabisa, mpeleke kliniki wamwangalie.