Somo: jinsi mkojo na damu vinavyoweza kuonyesha dalili za kansa kabla ya kukatwa kinyama

Wakuu, kuna dada wa Newala aliniuliza kuhusu kipimo cha kutafuta dalili za kansa kwenye damu au mkojo, nimeona nieleze wote tusome. Mimi ni mtu wa maabara hapa Mtwara na jambo hili linanigusa, huku kwetu watu wanaogopa kukatwa kinyama (baiopsi, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kupimwa) mpaka ugonjwa unatambaa.

Kila seli, nzima au ya kansa, inatoa vifuko vidogo mno. Vile vidogo zaidi, eksosomu, ni nanomita 30 mpaka 150 hivi, hadubini ya kuangalizia malaria haivioni kabisa. Ndani vimebeba protini na RNA (nakala za maelekezo ya jeni) za seli iliyovitoa, kwahiyo uvimbe unaweza kuwa umejificha ndani huko ila vifuko vyake vinatoka kwenye damu, mkojo hata mate.

Hatua ya 1: sampuli. Hapa ndo kazi ilipo. Damu tumia chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau, heparini achana nayo maana inasumbua PCR (njia ya kunakili jeni ili zisomeke). Usivute kwa nguvu wala kutikisa, ukiona plazima (maji ya damu) imekuwa ya pinki jua chembe nyekundu zimepasuka nazo zimemwaga vifuko vyao humo, na chembe sahani (zile za kugandisha damu) ndo usiseme, sasa kutafuta vifuko vya kansa hapo ni sawa na kutafuta korosho za shamba moja kwenye ghala lililochanganya za kijiji kizima.

Hatua ya 2: zungusha 2,500 g dakika 15, hamisha plazima, rudia tena. Nimesema g (nguvu ya kuzungusha ikilinganishwa na uvutano wa dunia), sio mizunguko kwa dakika, watu wanachanganya sana hapo. Usinyonye mpaka chini, bakiza kidogo juu ya lile tabaka jeupe la chembe nyeupe na chembe sahani. Kama hupimi siku hiyo weka friza ya -80.

Hatua ya 3: kutenga vifuko, kwa mashine ya 100,000 g zaidi ya saa moja au kwa safu inayochuja kwa ukubwa, halafu hakikisha kwa alama za CD9, CD63 na CD81 (protini zinazokaa juu ya vifuko hivi).

Hatua ya 4: kusoma. Marekani kuna kipimo cha tezi dume kinaitwa ExoDx Prostate, inasoma RNA za jeni tatu kwenye mkojo (ERG, PCA3, SPDEF) kwa wanaume wa miaka 50 kwenda juu wenye PSA (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) kati ya 2 na 10. Inasaidia kuamua kama baiopsi inahitajika, haikwambii una kansa.

MASWALI

Masasi: Kaka, hospitali zetu nikienda napata?
Jibu: Bado hakijaingia kwenye huduma za kawaida, usikisubiri. Kina mama kapimeni mlango wa kizazi kwa ile njia ya siki, ni dakika chache tu.

Nachingwea: Na ile mashine unashika mkononi inatoa karatasi ya magonjwa yote?
Jibu: Haihusiani kabisa dada. Haichukui damu wala mkojo, hivyo vifuko inavisomea wapi? Usitoe hela yako.

Kilwa: Mzee wangu PSA 6, akipima mkojo si ataepuka kukatwa?
Jibu: Pole ndugu yangu. PSA inapanda hata tezi ikikua tu au kukiwa na maambukizi, kwahiyo 6 peke yake haitoshi kusema ni kansa, ila kinachothibitisha bado ni kinyama. Mpeleke kwa daktari wa mfumo wa mkojo, na abebe majibu yote ya PSA za nyuma maana ataangalia inapanda kwa kasi gani.